Namna ya Kupima Dai Linalounganisha Asidi Amino, Inflamesheni na Magonjwa ya Plaki

Katika habari za afya kuna dai moja ambalo hurudi kila mara kwa sura mpya: asidi amino fulani huchochea inflamesheni, inflamesheni hujenga plaki, na plaki huziba mishipa ya moyo au huharibu ubongo, kwa hiyo msomaji anashauriwa apunguze chakula fulani au ameze kidonge fulani. Dai hilo lina viungo vitatu, na kila kiungo kina ushahidi wake, ulio imara mahali pamoja na dhaifu mahali pengine. Anayetaka kulipima hahitaji kuwa mtaalamu wa biokemia. Anahitaji kulivunja vipande na kukiuliza kila kipande swali lake, bila kuruhusu uimara wa kipande kimoja ufunike udhaifu wa kingine.

Kabla ya kuendelea, liko neno moja la kuwekana sawa. Wengi huiita inflamesheni uvimbe, na kwa kidole kilichochomwa na mwiba jina hilo linatosha, kwa kuwa kidole huvimba, hupata moto, huwa chekundu na huuma. Lakini uvimbe pia ni jina la fundo linaloota kwenye kizazi au kwenye titi, na inflamesheni inayotajwa kwenye mishipa ya damu au kwenye ubongo mara nyingi haivimbishi kitu kinachoonekana kwa macho. Ni hali ya seli za kinga kukaa macho kwa miezi na miaka, zikitoa kemikali za kuitana. Kwa sababu hiyo hapa limetumika neno inflamesheni.

Uliza kwanza ni plaki ipi

Neno plaki limetokana na jinsi kitu kilivyoonekana kwa waliokitazama mara ya kwanza, yaani bamba au baka, na halisemi lolote kuhusu chanzo chake. Plaki ya ateri ni donge lililo ndani ya ukuta wa mshipa: chembe za kolesteroli ya LDL hupenya chini ya utando wa ndani, hubadilika kikemia, na seli za kinga ziitwazo makrofaji huzimeza hadi kujaa mafuta na kuonekana kama povu chini ya hadubini, juu yake hujengeka kifuniko cha nyuzi, na kifuniko hicho kikipasuka damu huganda papo hapo na mtu hupata shambulio la moyo au kiharusi. Plaki ya Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, ni kitu kingine kabisa, yaani mrundikano wa vipande vya protini iitwayo beta-amiloidi, uliokaa nje ya seli za neva. Plaki za sklerosisi ya sehemu nyingi (kwa Kiingereza multiple sclerosis) ni makovu ya mahali ambapo kinga ya mwili imebambua ala inayozifunika nyuzi za neva, zile za soriasisi ni mabaka ya ngozi inayokua haraka kupita kiasi, na ile ya meno ni utando wa bakteria.

Makala inayosema kwamba kitu fulani “huzuia plaki” bila kutaja ipi, au inayoanza na mishipa ya moyo na kumalizia na kumbukumbu kana kwamba ni jambo moja, imekwisha kuanguka katika swali la kwanza. Hata neno amiloidi lenyewe, yaani mrundikano wa protini zilizojikunja vibaya, lina historia ya kukosea kwa namna hiyo. Mwaka 1854 Rudolf Virchow aliona vitu vikigeuka rangi vilipotiwa ayodini, akadhani ni jamaa ya wanga, akavipa jina linalotokana na neno la Kilatini la wanga. Miaka michache baadaye ilibainika kwamba ni protini, lakini jina lilikuwa limeshazoeleka.

Kisha uliza asidi amino inatajwa kwa maana gani

Hili ndilo swali ambalo kwa maoni yangu huokoa muda mwingi kuliko mengine yote, kwa sababu jina “asidi amino” hutumika kwa mambo matatu tofauti, na makala nyingi huruka kutoka moja hadi jingine bila kuaga.

Maana ya kwanza ni asidi amino kama herufi katika mnyororo wa protini. Protini za mwili hujengwa kwa asidi amino 20, na mpangilio wake huamriwa na jeni. Herufi moja ikibadilika, tabia ya protini nzima inaweza kubadilika. Mfano ulio wazi kuliko yote ni amilini, homoni yenye asidi amino 37 ambayo kongosho huitoa pamoja na insulini. Kwa binadamu wenye kisukari cha aina ya pili, amilini mara nyingi hujikunja vibaya na kurundikana kuwa amiloidi kwenye visiwa vya kongosho, yaani vikundi vya seli zinazotoa insulini. Kwa panya hairundikani, na sababu yake iko katika sehemu ndogo ya mnyororo ambapo panya ana asidi amino iitwayo prolini katika nafasi ya 25, 28 na 29. Prolini ina umbo lililopinda kama kiwiko, na mnyororo wenye viwiko vitatu karibu karibu hauwezi kunyooka na kulala juu ya mwenzake kama kuni zilizopangwa. Watengenezaji wa dawa waliichukua amilini ya binadamu, wakabadilisha nafasi hizo tatu ziwe prolini, wakapata pramlintidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005.

Katika ugonjwa wa Alzheimer mambo ni hayo hayo. APOE, protini inayobeba mafuta mwilini, ina aina tatu kuu zinazotofautiana katika nafasi mbili tu, ya 112 na ya 158: aina ya E3 ina sisteini katika ya kwanza na ajinini katika ya pili, E2 ina sisteini kote kuwili, na E4, inayoongeza hatari ya Alzheimer, ina ajinini kote kuwili. Mwaka 2012 watafiti walioshughulika na watu wa Iceland walieleza badiliko moja katika protini mama ya beta-amiloidi, alanini ikiwa imeiachia nafasi threonini, ambalo hupunguza utengenezaji wa beta-amiloidi na kuwakinga walio nalo.

Ushahidi wa maana hii ya kwanza ni imara sana, na hapo ndipo mtego unapotegwa. Mwandishi husema kwa haki kwamba asidi amino moja inaweza kuamua kama plaki itajengeka, halafu katika aya inayofuata anapendekeza ule au usile asidi amino hiyo. Kula ajinini nyingi hakumpi mtu APOE4, na kuiacha hakuiondoi, kwa kuwa mpangilio wa herufi hautoki jikoni.

Maana ya pili ni asidi amino kama lishe. Tisa kati ya zile 20 ni za lazima kwa mtu mzima, kwa kuwa mwili hauwezi kuzitengeneza, na lusini ni mojawapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba protini inapozidi takriban asilimia 22 ya nishati ya chakula, lusini huamsha ndani ya makrofaji njia ya mawasiliano iitwayo mTOR, na panya waliolishwa hivyo walipata plaki zaidi katika ateri. Hilo ni jambo la kulizingatia. Hata hivyo, kwa upande wa binadamu kilichopimwa ni mwenendo wa seli za damu za watu wachache saa kadhaa baada ya kula, wala si idadi ya mashambulio ya moyo.

Maana ya tatu ni kitu kinachopimwa katika damu, ambacho mara nyingi si asidi amino iliyoliwa bali ni zao lake. Homosisteini, ambayo tutairudia, hutokana na methionini. Imidazoli propionati hutengenezwa na bakteria wa utumbo kutokana na histidini, na mwaka 2025 watafiti walionyesha kwamba kuwapa panya zao hilo kuliwatia plaki za ateri bila kubadilisha kolesteroli yao. Asiyesoma kwa makini anaweza kuhitimisha kwamba histidini ni sumu, ilhali histidini ni ya lazima na kinachoamua ni bakteria gani wanaoishi tumboni.

Tafuta mshale wa inflamesheni unaelekea wapi

Inflamesheni inaweza kuwa chanzo cha plaki, inaweza kuwa tokeo lake, na inaweza kuwa msindikizaji tu. Ugonjwa mmoja una jibu lisilo na ubishi, na ajabu ni kwamba makala za kawaida hazitaji hata jina lake: amiloidosisi ya aina ya AA. Inflamesheni inapowaka, ini hutoa protini iitwayo amiloidi A ya seramu, ambayo kiwango chake kinaweza kupanda hadi mara elfu moja. Ikikaa juu kwa miaka, kama katika ugonjwa wa baridi yabisi usiodhibitiwa, kifua kikuu cha muda mrefu, au homa ya kurithi ya Mediterania, vipande vyake hurundikana hasa kwenye figo na kuziua. Tunajua kwamba mshale unatoka kwa inflamesheni kwa sababu kuizima hubadilisha mwisho wa hadithi: wagonjwa wa homa hiyo wanaomeza kolchisini, dawa ya kupunguza inflamesheni, kila siku hukingwa dhidi ya amiloidi.

Kwa ateri ushahidi umepatikana karibuni zaidi na una pande mbili. Jaribio la CANTOS, lililotangazwa mwaka 2017, lilichukua watu 10,061 waliokwisha kupata shambulio la moyo na ambao kipimo chao cha inflamesheni kilikuwa juu, likawapa baadhi yao kanakinumabi, dawa inayozuia kemikali ya kinga iitwayo interlukini-1 beta bila kugusa kolesteroli. Dozi ya miligramu 150 ilipunguza mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 15, lakini maambukizi yenye kuua yaliongezeka kidogo. Mwaka uliofuata jaribio jingine, CIRT, lilitumia methotreksati kwa dozi ndogo na halikupata faida yoyote. Wala dawa hiyo haikushusha interlukini-1 beta kwa wagonjwa hao. Mwaka 2019 kolchisini katika jaribio la COLCOT ilishusha matukio ya moyo na mishipa kutoka asilimia 7.1 hadi 5.5. Fundisho la majaribio hayo matatu ni kwamba “inflamesheni” si swichi moja: kuzima njia moja husaidia, kuzima nyingine hakusaidii, na kauli kwamba chakula fulani “hupunguza inflamesheni” haijasema bado ni njia ipi.

Kwa Alzheimer mshale unakwenda huku na huku. Mikroglia, ambazo ndizo seli za kinga za ubongo, huizunguka plaki na kuila, lakini pia zinaweza kudhuru neva zinapochokozwa muda mrefu. Jaribio la ADAPT liliwapa wazee naproksini na selekoksibi, dawa za kawaida za kupunguza inflamesheni, kwa matumaini ya kuzuia ugonjwa, lakini halikuuzuia. Hivyo anayesema kwamba Alzheimer “ni inflamesheni tu” anasema zaidi ya ushahidi alio nao.

Mshale wa nyuma pia upo, na ni rahisi kuusahau. Kinga inapoamka hutoa interferoni gama, nayo huamsha kimeng'enya kinachoigeuza triptofani kuwa kinurenini. Ukimpima mgonjwa wakati huo utakuta triptofani imeshuka na kinurenini imepanda. Kusema kwamba upungufu wa triptofani ndio ulioleta ugonjwa ni sawa na kuulaumu moshi kwa kuwasha moto.

Pima ushahidi kwa ngazi, na usiruke ngazi

Hadithi ya homosisteini inafaa kusomwa yote, kwa kuwa inapita kila ngazi. Mwaka 1969 mwanapatholojia wa Marekani, Kilmer McCully, alichunguza ateri za watoto wawili waliokufa kwa magonjwa ya kurithi. Kasoro za vimeng'enya vyao hazikuwa za aina moja, lakini wote wawili walikuwa na homosisteini nyingi mno katika damu, na wote ateri zao zilikuwa zimeharibika kama za wazee. McCully akahitimisha kwamba homosisteini yenyewe ndiyo mharibifu. Hiyo ni ngazi ya kwanza, yaani mgonjwa wa nadra na wazo zuri.

Ngazi ya pili ilikuja pale watu wa kawaida walipopimwa kwa maelfu na ikaonekana kwamba wenye homosisteini ya juu hupata magonjwa ya moyo na viharusi zaidi. Ngazi ya tatu ilieleza utaratibu: homosisteini husumbua utando wa ndani wa mishipa, na mwili huipunguza kwa msaada wa foleti na vitamini B12 na B6. Kufikia hapo mnyororo ulionekana umekamilika, dawa yake ilikuwa vitamini za bei nafuu, na watu wengi wenye busara waliamini kwamba kazi imekwisha.

Ngazi ya nne ndiyo iliyosema vingine. Jaribio la HOPE-2, lililochapishwa mwaka 2006, liliwagawa kwa bahati nasibu watu 5,522 wenye magonjwa ya mishipa au kisukari, nusu wakapewa foleti na vitamini B6 na B12, nusu wakapewa vidonge visivyo na kiambato, kwa wastani wa miaka mitano. Homosisteini ilishuka kama ilivyotarajiwa. Lakini vifo vya moyo, mashambulio ya moyo na viharusi vikijumlishwa pamoja vilikuwa asilimia 18.8 kwa waliopata vitamini na 19.8 kwa wasiopata, tofauti ndogo inayoweza kuwa ya bahati tu. Viharusi peke yake vilipungua kwa kiasi fulani, na hilo halipaswi kufichwa. Hata hivyo, ahadi kubwa haikutimia: kipimo kilishuka, ugonjwa haukushuka nacho.

Kwa hiyo unaposoma habari mpya, tafuta ni ngazi gani imefikiwa. Kama ni panya, uliza walivyoandaliwa. Beta-amiloidi ya panya inatofautiana na yetu kwa asidi amino tatu na panya wa kawaida hapati plaki za Alzheimer. Walio maabara wamepandikizwa jeni za binadamu ili wazipate, na dawa nyingi zilizosafisha ubongo wao hazikumsaidia mtu yeyote. Kama ni binadamu, uliza kilichohesabiwa ni nini: kipimo cha damu, picha ya plaki, au hali ya mgonjwa. Lekanemabi, kingamwili inayoondoa beta-amiloidi, husafisha picha ya ubongo kwa namna inayovutia sana, ilhali katika jaribio la watu 1,795 kwa miezi 18 tofauti katika kipimo cha uwezo wa mgonjwa chenye alama 18 ilikuwa alama 0.45. Tofauti hiyo si sifuri, na ilitosha kuidhinishwa Marekani mwaka 2023, lakini mwenye kusoma “imeondoa plaki” na kuelewa “imerudisha kumbukumbu” amesoma asichoandikiwa.

Unaposhika karatasi ya maabara

Kipimo cha inflamesheni kinachotumika zaidi ni CRP ya usikivu wa juu, yaani kipimo cha protini ya damu inayopanda inflamesheni inapowaka. Kwa hatari ya moyo, chini ya miligramu 1 kwa lita huhesabiwa kuwa ndogo, kati ya 1 na 3 ya wastani, na juu ya 3 kubwa. Chukua mfano wa karatasi iliyoandikwa 14. Wengi wangeanza kutafuta lishe ya kupunguza inflamesheni jioni ile ile, ilhali thamani iliyozidi 10 mara nyingi huashiria kwamba kuna jambo la wakati huo, kama mafua makali, jino bovu au jeraha; utaratibu ni kusubiri wiki kadhaa na kupima tena. CRP haisemi pia moto uko wapi. Homosisteini kwa kawaida huwa kati ya mikromoli 5 na 15 kwa lita, na ikizidi sana jambo la kuchunguza kwanza ni upungufu wa B12 au foleti, ugonjwa wa figo, au tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kwa kuwa hayo yana tiba inayojulikana.

Kabla ya kumeza

Asidi amino ya kwenye chupa si sawa na ile iliyo ndani ya chakula, kwa sababu hufika peke yake na kwa wingi. Ajinini ndiyo malighafi ya nitriki oksaidi inayolegeza mishipa, gesi ambayo ugunduzi wa kazi yake uliwapa Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998, na ilionekana busara kuwapa ajinini watu waliotoka kupata shambulio la moyo. Jaribio la VINTAGE MI la watu 153 lilisimamishwa mapema: sita waliopewa ajinini walikufa, na kati ya waliopewa kidonge kisicho na kiambato hakufa hata mmoja. Mwaka 1989 vidonge vya triptofani vilivyochafuka kiwandani viliwaletea watu zaidi ya 1,500 nchini Marekani ugonjwa mkali wa misuli na damu, na zaidi ya thelathini wakafariki.

Mwisho, jaribu maswali haya kwenye dai ambalo bado linasambazwa: kwamba lisini pamoja na vitamini C huyeyusha plaki za mishipa. Plaki inayotajwa ni ya ateri. Hapo liko wazi. Maana ya asidi amino ni mbili zilizochanganywa: Linus Pauling na Matthias Rath, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walianza na lisini kama herufi, kwa kuwa chembe ya mafuta iitwayo lipoprotini (a) kweli hushika kwenye lisini zilizojitokeza katika protini za ukuta wa mshipa, kisha wakahamia kwenye lisini ya kumezwa, wakidhani itaijaza mikono ya chembe hiyo ili isishike ukuta. Inflamesheni haina nafasi kubwa katika hoja yao. Ngazi iliyofikiwa ni ya wazo na utaratibu. Hakuna jaribio kubwa la bahati nasibu lililoonyesha kwamba lisini hupunguza mashambulio ya moyo. Dai hilo lina kiungo kimoja cha kweli na vingine viwili vya kudhaniwa, na mgonjwa anayeacha dawa yake ya kolesteroli ili kulifuata anabadilisha ngazi ya nne kwa ngazi za chini.